Dola zako, shilingi zangu

Januari 2024 dola ilipofika karibu Sh160 za Kenya, wanandoa kibao walinuniana: baba anataka dola, mama anataka hatifungani. Februari serikali yao ikauza hatifungani ya miundombinu, riba asilimia 18.46 kwa mwaka, na haikatwi kodi! Kufikia katikati ya mwaka, dola ikashuka hadi karibu Sh130. Aliyebadilisha akiba yote alilia.

Lakini mama asicheke sana. Pango mnalipa kwa shilingi, sawa. Je, mtoto akitaka kusoma Marekani? Ada ya huko ni dola tu. Basi ya hapa yawekeeni shilingi, na ya nje nunueni dola kidogo kidogo kila mwezi. Na hiyo akaunti iwe na majina mawili, jamani.