Kuzoea mji si kujificha

Vijana wenzetu mlioko Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, na ninyi ambao mmeshaingia Kampala, leo tuongee ukweli kati yetu. Wengi wetu tukifika mjini, tunataka kitu kimoja kwanza: watu wasijue kama sisi ni wakimbizi.

Tunanunua viatu mbele ya kulipa nyumba. Ndani ya teksi, mama akipiga simu hatupokei, ju watu watasikia Kiswahili cha Bukavu. Tukiulizwa tunatoka wapi, tunajibu Mbarara. Rafiki wa chuo akituita kwenye kikao cha kuchangia harusi, tunaahidi elfu hamsini wakati mfukoni kuna elfu tano. Mwisho wa mwezi ni mkopo wa simu, kisha mkopo mwingine wa kulipa ule wa kwanza.

Hatumcheki mtu. Kule kambini wote tulikuwa tunapanga foleni moja, mahindi yaleyale na maharage yaleyale. Hapa mjini mtu anakupima kwa macho kabla hujafungua mdomo. Na Kiswahili chetu kiko na historia yake nchini Uganda. Wazee wengi wa Buganda wanakikumbuka kama lugha ya askari, hasa wakati wa Idi Amin. Tangu 2005 Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini Katiba haipandi teksi pamoja nasi. Kwa hiyo mtu akikukazia macho, pengine hakuchukii wewe. Anakumbuka mambo yake.

Lakini kujificha kuna bei. Ukisema wewe ni wa Mbarara, utasalimiwa Kinyankole na uongo utaishia palepale. Mwenye nyumba akikutupia vitu nje usiku, utamkimbilia nani kama mwenyekiti wa LC1 hakujui? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, ila haki hiyo imeandikwa kwa jina la mkimbizi. Ukilikana jina, umeiacha haki yako mezani.

Muwaangalie mama zetu wanaotembeza vitenge. Hawana Kiingereza kingi, wengine hawana hata kidogo. Lakini wakifika kwa mteja wanaanza na "Gyebale ko, nnyabo", wanauliza habari za nyumbani, na bei inakuja baadaye. Wameelewa kwamba hapa salamu haikimbizwi. Wameelewa pia kwamba sauti yetu ya kawaida ya Kikongomani, kwa jirani inasikika kama ugomvi, basi wanaishusha. Jina lao hawakulibadilisha. Kila mtu anajua ni Wakongomani, na wateja wanawatafuta ju ya hilo. Kwetu sisi, huko ndiko kuzoea.

Mwingine atasema: mama wa vitenge hakai darasani na watoto wanaoletwa na magari. Ni kweli, na aibu hiyo tunaijua. Hata hivyo neno "sina" likisemwa mapema, na kwa heshima, halimvunji mtu. Mwambie rafiki: "Franga sina, lakini siku ya harusi nitakuja kubeba viti na kuosha sahani." Kama atakuacha kwa sababu hiyo, angekuacha tu siku deni lingekushinda.

Maoni yetu ni haya. Wiki ya kwanza mjini, nenda ujitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 na kitambulisho chako mkononi. Jifunze salamu za Kiganda kabla ya kununua viatu. Na ninyi mliotangulia, mkikutana na mgeni wa kambini pale stendi, msijifanye hamsikii Kiswahili. Mjibuni, mwonyesheni teksi ya kupanda, mwambieni nauli ya kweli asije akaibiwa. Sisi wote kuna mtu alituonyesha njia, ama tulipotea ju hakuna aliyetuonyesha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zetu mbili zimepita kitambo. Wewe ulipoingia mjini, nani alikupa jembe? Na wewe utampa nani?