Goti Lililopasuliwa Lipewe Muda Wake

Kila msimu wa michezo ya UMISSETA huonekana kijana anayeanguka uwanjani bila ya kuguswa na mtu. Ameruka, ametua, amegeuka ghafla. Goti limelia, na kabla ya jua kuchwa limevimba. Wenzake humchua, na uvimbe ukiisha husema amepona. Hajapona. Ukano unaofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi umekatika, na ukano huo ukikatika kabisa ni nadra kujiunga wenyewe.

Si kila mtu wa namna hiyo lazima apasuliwe. Wako wanaorudia kazi zao kwa mazoezi peke yake. Lakini yule ambaye goti humteguka kila ageukapo, upasuaji humfaa, nao hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Daktari hashoni ukano wa zamani, kama wengi wanavyodhani. Hutwaa kipande cha ukano mwingine wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi wa nyuma ya paja, akaitoboa mifupa yote miwili na kukipitisha humo.

Hapo ndipo wakuu wa shule na wakubwa wa kazi wanapokosea. Kipande hicho, kikiisha kukatwa kilikotoka, hakina damu. Katika miezi ya mwanzo hudhoofika kwanza, ndipo kianze kukomaa. Na ni katika miezi hiyo hiyo maumivu yanapokwisha, magongo yakawekwa kando, na mtu akaonekana anatembea vizuri. Basi huambiwa timu ya wilaya inamngoja! Utafiti wa wataalamu wa Norway na Marekani, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza kwa karibu nusu hatari ya goti kuumia tena.

Ruud van Nistelrooy alikatika ukano Aprili 2000. Manchester United wakamsajili Aprili 2001. Ikiwa klabu tajiri iliweza kungoja mwaka mzima, mkuu wa shule ana haraka gani?

Tena mwanafunzi akirudi kijijini, mbali na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, paja husinyaa na goti hukakamaa. Yafaa basi hospitali impe maandishi ya mazoezi yake, juma kwa juma, kwa Kiswahili, na mwalimu wa michezo ayasimamie kila asubuhi. Wala asirudishwe uwanjani mpaka mtaalamu ampime nguvu za miguu yote miwili na kutia sahihi.