Uhai Hutangulia



Jamaa zetu waishio Kiganjo, kule Thika, hutuuliza: mke akivuja damu usiku baada ya kujifungua, na daktari wa zamu ni mwanamume, tufanyeje? Na hospitali ikidai malipo kwanza?

Jawabu la kwanza ni la fiqhi. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia. Daktari wa kike hutangulizwa apatikanapo. Asipopatikana, mwanamume humtibu, akitazama na kugusa kwa kadiri ya haja tu. Damu hiyo yaweza kuua kwa saa chache. Kumngojea daktari wa kike hadi asubuhi si stara, ni kuhatarisha uhai.

Jawabu la pili ni la nchi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yaitoza hospitali yenye uwezo ikikataa kutibu faini isiyozidi shilingi milioni 3. Deni hubaki, ila hudaiwa baadaye.

Basi mume na mke wayazungumze haya mapema, kabla uchungu haujaanza. Mlangoni mwa hospitali hapana wasaa wa kushauriana.

Wallahu aalam.