Kunawa Tunajua, Maji Ndiyo Hatuna

BARAZANI KISAUNI
Na Mwanahamisi Bakari

Tangu 2008 dunia huadhimisha Siku ya Kunawa Mikono kila tarehe 15 Oktoba. Huku kwetu siku hiyo ina sura yake: hema uwanjani mwa shule, fulana mpya, mgeni rasmi anayechelewa, na watoto waliopangwa mstari wakionyeshwa jinsi ya kusugua katikati ya vidole. Maji ya kufanyia onyesho hilo mara nyingi yameletwa kwa mkokoteni. Bado sijamsikia mgeni rasmi akiuliza yametoka wapi na yamelipiwa kiasi gani.

Somo lenyewe ni la haki. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake katika hospitali ya uzazi ya Vienna wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka ghafla. Mjini Karachi, kwenye mitaa ya watu maskini, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa nyumba zilizopewa sabuni na kutembelewa kila wiki zilipunguza kuhara kwa watoto kwa zaidi ya nusu, na nimonia kwa nusu. Hakuna chanjo ya bei hiyo.

Ninalolikataa ni dhana kwamba mtu wa Kiembeni, hapa Kisauni, hanawi kwa sababu hajui. Hajui vipi? Huyu ni mtu wa udhu mara tano kwa siku, na asiye Mwislamu naye amekulia penye birika na beseni, ambapo mgeni hunawishwa kabla sinia haijatua. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, hata mtoto wa chekechea alijifunza kuhesabu sekunde 20. Pipa lenye bomba likawekwa mlangoni mwa kila duka. Leo mengi ya mapipa yale yamekauka, na mengine yamegeuzwa ya kuwekea makaa.

Kiembeni haikosi mabomba, inakosa maji ndani yake. Maji ya upande huu wa Kisauni hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, huko juu ya Malindi, na husukumwa kwa pampu za umeme. Zaidi ya mara moja pampu hizo zimezimwa kwa sababu ya deni la umeme. Wanaodaiana ni mashirika mawili, na anayelala na mitungi mitupu ni mpangaji wa Kiembeni ambaye hana deni kwa yeyote. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019. Chemchemi za Mzima, zilizovutwa hadi Mombasa miaka ya 1950, Marere, Tiwi na Baricho zote pamoja hazitoshelezi hata theluthi ya mahitaji yao.

Basi twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo mahubiri yanapokwama. Chukua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, bei ya siku njema. Mfereji ukikauka wiki mbili, bei hiyo utaikumbuka kwa hamu. Familia ya watu sita inayonunua mitungi minne kwa siku inapata lita 80, yaani kama lita 13 kwa kila kichwa, na imetumia shilingi 2,400 kwa mwezi. Sasa kila mmoja anawe kama tunavyofundishwa: baada ya choo, kabla ya kula, kabla ya kupika, baada ya kumsafisha mtoto. Tuseme mara tano, nusu lita kila mara. Hiyo ni lita 15. Robo tatu ya mtungi mmoja kati ya minne imekwenda kwa viganja peke yake, kabla wali haujapikwa na sare ya shule haijafuliwa. Mama akiamua leo watoto wafute mikono kwa kitambaa chenye unyevu, haoneshi ujinga. Anapanga bajeti, na anaipanga vizuri kuliko wengi walioko ofisini.

Mtu atasema: kuna visima. Vipo, tena vingi, na misikiti kadhaa huwagawia majirani maji ya kisima bila malipo. Mungu awalipe. Lakini tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa na chumvi. Sabuni hugoma kutoa povu, ikaacha utando mweupe kwenye beseni, na kipande cha wiki moja kikaisha siku tatu. Kibaya zaidi, mwamba huo una vitundu. Sehemu kubwa ya Kisauni haina bomba la maji taka, hivyo kila ploti ina shimo lake la choo na, hatua chache kutoka hapo, kisima chake. Watafiti waliopima visima vya Kisauni walikuta vijidudu vya kinyesi. Tunanawa uchafu kwa uchafu, halafu kipindupindu kikizuka, kama kilivyozuka nchini kuanzia Oktoba 2022, tunaletewa mabango. Tayamamu, yaani udhu wa vumbi, inatosha kwa swala. Kipindupindu hakiijui tayamamu.

Ushahidi kwamba kuhamasisha bila maji hakutoshi uko humu humu Kenya. Huko Kakamega, Bungoma na Vihiga, akina mama wajawazito zaidi ya 8,000 waliingizwa kwenye jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018. Baadhi ya vijiji vilipewa klorini, vingine vyoo bora, vingine vibuyu chirizi vya kunawia na sabuni, vingine vyote kwa pamoja. Wahamasishaji walitembea nyumba kwa nyumba. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Jaribio kama hilo kule Bangladesh lilipunguza. Wataalamu bado wanabishana kwa nini, na mimi si daktari, lakini najua jambo moja halikubadilishwa katika vijiji vile vya Magharibi: maji yaliendelea kuwa mbali, na aliyeyabeba kichwani aliendelea kuyabeba.

Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha kitabu kuhusu wachota maji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Bradley aliyagawa maradhi ya maji kwa namna iliyo nyepesi kueleweka: miongoni mwake kuna yanayokuja kwa sababu maji ni machafu, na kuna yanayokuja kwa sababu maji ni machache. Upele, trakoma na kuhara kwingi vimo katika kundi hili la pili. Huko dawa ni wingi. Watafiti wengine waliporudi katika maeneo yale yale miaka ya 1990, walikuta wenye mifereji wakitumia karibu nusu ya maji waliyokuwa wakitumia zamani, kwa kuwa mifereji ilikuwa imeanza kutoa kwa zamu. Mkaazi wa Kiembeni hahitaji kitabu kuliamini hilo.

Wala hatuhitaji kutazama mbali kuona jinsi jambo hili lilivyoshughulikiwa na watu wenye akili. Nenda Gede, karibu na Watamu. Katika magofu ya msikiti mkuu, kisima na birika la udhu viko hapo hapo pa kuingilia, na ndani ya nyumba za mji ule kuna vyoo vyenye mahali pa kutawadhia. Ni kazi ya zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wazee wale hawakuandika mlangoni “tafadhali nawa”. Waliyaweka maji mlangoni.

Vijiji vya ndani, kuanzia Mwakirunge hadi Kilifi na Kwale, vina shida zaidi yetu, na huko kibuyu chirizi kina kazi yake kwa sababu hutumia maji kidogo. Sikidharau. Nakidharau kinapotumiwa kuwa jibu la mwisho la serikali iliyoshindwa kufikisha bomba.

Kuhusu bomba, tunaambiwa tusubiri bwawa la Mwache kule Kwale, linalojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambalo limeahidiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku. Vyema, tunasubiri. Lakini mvua haisubiri. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli. Paa la mabati la mita 50 za mraba, hata likipoteza sehemu moja kwa tano ya maji hayo, hukusanya lita 40,000, yaani mitungi 2,000. Kwa bei yetu ya siku njema hiyo ni shilingi 40,000 zinazomwagika mtaroni kila mwaka, na kutujazia barabara matope. Ni nyumba ngapi za kupangisha Kiembeni zina mifereji ya paa na tangi la chini? Mwenye nyumba hana sababu ya kuweka, kwa kuwa anayenunua mitungi ni mpangaji. Hapo ndipo kaunti inapopaswa kuingia: hakuna kibali cha kujenga nyumba ya kupangisha bila tangi la mvua, na zilizokwisha kujengwa zipewe muda na nafuu ya ada.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Watu wengi hulisoma neno “safi” na kulipita “ya kutosha”. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikizwe kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo kwa kawaida huhudhuriwa na watu wachache. Nendeni, na mkifika ulizeni mambo mawili tu: mfereji wa Kiembeni utatoa maji saa ngapi kwa wiki, na ni nani atakayeulizwa usipotoa.