Gololi Imebadilika, Vumbi ni Lile Lile

Katika vinu vingi vya viwandani, jiwe husagwa kwa gololi. Pipa huzungushwa, gololi hupanda na kuanguka, na jiwe lililo katikati yake hugeuka unga. Zamani wasagaji walitumia kokoto za gumegume, ambazo ni silika karibu tupu. Siku hizi viwanda vya vigae na rangi hupendelea gololi za kauri, hasa za alumina, kwa kuwa ni ngumu, hazichakai upesi wala hazitii unga kutu.

Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, mwajiri anayejivunia gololi za kauri bado hajajibu swali la afya. Gololi inayochakaa huchangia sehemu ndogo tu ya vumbi. Vumbi jingi hutoka kwenye jiwe linalosagwa. Ikiwa jiwe hilo ni kwatzi, lile jeupe ambalo mara nyingi hubeba dhahabu, msagaji huvuta silika, gololi ziwe za kauri au za chuma.

Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, huua seli zinazojaribu kuzimeza, na mapafu hujaa makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba ya kuuponya, na waweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Aidha, huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu. Tangu mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeitambua silika ya fuwele kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Kinga yake si siri. Mwaka 1726 huko Uingereza, Thomas Benson alipewa hataza ya kusaga gumegume ndani ya maji, kwa sababu vumbi la usagaji mkavu lilikuwa likiwaua wafanyakazi. Karibu miaka 300 baadaye, bado yapo makarasha ya wachimbaji wadogo yanayosaga mawe makavu, na vijana wanaoyahudumia hujifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii chembe hizo.

Kwa wahudumu wenzangu: kikohozi, kupungua uzito na kuhema ni dalili za magonjwa yote mawili, na yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja. Kupima makohozi ni lazima. Lakini majibu yakionesha hakuna kifua kikuu, kurudia dawa zake pasipo kuuliza habari za kazi ni kumrudisha mgonjwa kwenye vumbi. Yapo maswali matatu ya kuuliza: Umewahi kufanya kazi gani? Mlisaga jiwe gani? Mlisaga kavu au kwa maji? Majibu yaandikwe kwenye faili, kwani bila maandishi hayo mfanyakazi atapata shida kudai fidia.

Nawe mgonjwa, itaje kazi yako hata usipoulizwa. Karashani, dai maji na uingizaji hewa, usifagie vumbi likiwa kavu, wala usiende nyumbani na nguo za kazi ukawakung'utia watoto vumbi hilo.

Kiwanda kikitangaza kuwa kimebadili gololi, tukipongeze. Kisha tuulize vumbi lake linakwenda wapi.