Tikiti ya pointi na treni ya pili



Juma hili tunajibu ulizo linalorudi kila mara katika vikundi vyetu. Mama amepata viza ya kwenda kuwaona watoto wake waliohamia Marekani. Akiwa huko kwa mmoja, mwingine anamwandikia: "Mama, njoo na kwangu, treni nimekulipia kwa pointi." Mama halali. Tikiti isiyotolewa franga, ni tikiti kweli? Na treni ya kwanza ikichelewa, ile ya pili itamngoja?

Pointi ni matabishi. Unaponunua ndagala kwa muuzaji yule yule kila siku, anakuongezea konzi moja juu. Amtrak, shirika linaloendesha treni za abiria za safari ndefu huko tangu 1971, linafanya vivyo hivyo: msafiri aliyejiandikisha hupata pointi mbili kwa kila dola ya nauli, na zikitosha ananunua nazo tikiti, yake au ya mtu mwingine. Tangu 2016 hesabu ya pointi hufuata bei ya safari, kwa hiyo siku ya nauli kubwa nazo zinakwenda nyingi. Lakini kiti ni kile kile, na mkaguzi hamdharau mtu wa pointi. Hapo mama alale.

Taabu iko kwenye kubadilisha treni. Tuseme mama yuko Denver kwa binti, anakwenda Grand Rapids kwa kijana, miji miwili yenye Wakongo wengi. Treni ya Denver inatoka mbali, karibu na San Francisco, inavuka milima mikubwa, inampakia mama usiku na kumfikisha Chicago kesho yake mchana. Treni ya Grand Rapids inaondoka Chicago jioni, na ni moja tu kwa siku. Katikati kuna saa chache. Sehemu kubwa ya reli hizo ni mali ya makampuni ya mizigo. Sheria ya 1973 inasema abiria wapite kwanza, lakini treni ndefu ya makontena ikiwa mbele, mama anangoja. Sisi tuliozoea kungojea treni Kabalo hatushangai.

Sasa sikilizeni vizuri. Kama safari yote, Denver mpaka Grand Rapids, imenunuliwa mara moja chini ya nambari moja (ni herufi na tarakimu sita juu ya karatasi), basi kumfikisha mama ni kazi ya shirika. Treni yao ikichelewa mpaka ile ya pili ikaondoka, watamtafutia njia nyingine, au watampa mahali pa kulala hadi treni ya kesho. Haijalishi kama alilipiwa dola au pointi.

Lakini watoto wetu wanapenda kubana matumizi. Pointi zinatosha kipande cha kwanza, basi cha pili kijana analipa kwa dola, au dada yake anakitoa kwenye pointi zake. Hapo nambari zimekuwa mbili, na kwa shirika hizo ni safari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na kiti cha mama kikiwa kitupu. Mfanyakazi mwenye huruma anaweza kumsaidia, ila halazimiki. Sisi tunasema wazi: mama anayekwenda peke yake, na Kifaransa chake na Kiswahili chake, asipewe nambari mbili. Kama pointi hazitoshi safari nzima, watoto wachange dola walipe yote pamoja, na pointi zikae zingojee siku nyingine.

Kuna mtego mwingine, nao unaletwa na wema. Mpwa anasema, "Shangazi, mimi nakwenda Chicago kwa motokari, twende wote, treni utaipanda kule." Mama anakubali. Kumbe asipoonekana kwenye treni ya kwanza bila kutoa habari, mashine inaweza kufuta safari yote iliyobaki, na pointi kupotea. Mwenye pointi abadilishe tikiti kabla treni ya kwanza haijaondoka. Ni yeye aifanye, kwa kuwa pointi ziko kwa jina lake.

Ila tikiti yenyewe iwe na jina la mama, kama lilivyo kwenye paspoti. Kwetu mama na mwana hawana lazima ya kushiriki jina, na kule jambo hilo linawachanganya. Kijana asiandike jina lake la ukoo mbele ya la mama akidhani anarahisisha.

Saa nazo zinabadilika. Kama Kinshasa ilivyo nyuma yetu kwa saa moja, Denver iko nyuma ya Chicago kwa saa moja, na Chicago nyuma ya Grand Rapids kwa saa moja. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji ule ule. Na 6:30 ya jioni juu ya karatasi yao ni saa kumi na mbili na nusu yetu. Msiisome kama saa sita.

Chicago, kituo kikubwa kinaitwa Union Station. Wako wabeba mizigo wenye kofia nyekundu, hawana bei, ingawa wengi huwapa kitu kidogo. Mama hatoki nje, treni zote mbili ziko pale pale. Boston si hivyo: treni ya kutoka Portland ya Maine inafika North Station, na zile za kwenda New York au Chicago zinaondoka South Station, na hakuna treni ya Amtrak inayounganisha vituo hivyo viwili. Pale mtoto aje mwenyewe kumpokea mama na kumvusha kwa taksi, au atume mtu anayemjua.

Mwenye tikiti tayari aje nayo mkutanoni, hata ikiwa ni picha kwenye simu. Tutatazama pamoja kama nambari ni moja.