Uulize Ukuta Kwanza: Kutundika Skrini ya Projekta Nyumbani



Siku hizi si ajabu kukuta projekta katika nyumba ya kijijini. Kijana anayefanya kazi mjini huja nayo likizoni, ndogo kama mkate, na usiku huo jamaa wote hukusanyika sebuleni. Wazee watazame picha za arusi ya mjukuu, watoto watazame masomo, vijana watazame mpira. Nalipenda jambo hili, maana watu wa nyumba moja hukaa pamoja, badala ya kila mmoja kuinamia simu yake pembeni.

Lakini baada ya projekta huja skrini, na baada ya skrini huja matundu ukutani. Juma hili nataka tuzungumze habari ya matundu hayo. Yamenifundisha kwa aibu, na afadhali nyinyi mjifunze kwa kusoma.

Nilinunua skrini ya kuvuta. Ni kitambaa cheupe kinachoviringwa ndani ya bomba refu la chuma lenye springi. Ukivuta kamba kinashuka, ukikirudisha kinajikunja kama mkeka. Ukuta wa sebule yetu una dirisha, na fimbo ya pazia la dirisha imetokeza mbele. Kwa hiyo nikanunua breketi mbili, yaani vyuma vilivyopindwa mfano wa kiwiko, ili skrini isimame sentimita 30 mbele ya ukuta. Nikaazima drili. Mimi niliyesomea ualimu niliona hakuna haja ya kumwita fundi. Nikatoboa matundu manne, nikatia skurubu za sentimita 4, nikakaza, nikajipongeza.

Siku tatu tulifurahi. Siku ya nne mtoto wa dada yangu alitaka katuni, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Breketi ya kushoto ikang'oka pamoja na kipande cha lipu, bomba likashuka upande mmoja, likampiga begani. Tukamkimbiza zahanati. Ashukuriwe Mungu, mfupa ulikuwa mzima, ila bega lilivimba juma zima. Lingesogea shibiri moja tu, lingempiga kichwani.

Dada yangu hakugomba. Aliniuliza neno moja tu: "Kaka, ulikijaribu kitu hiki kabla ya kuwakalisha watoto chini yake?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikamwita mzee mmoja mwashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Akatia kidole katika tundu, akatoa mchanga mkavu, akanionyesha kiganjani. "Karani," akasema, "wewe umeitundika kwenye ngozi ya ukuta. Mfupa hukuufikia."

Basi, hilo ndilo neno la kukumbuka. Ngozi ya ukuta ni lipu, nayo mara nyingi ina unene wa sentimita 2 au zaidi. Skurubu yangu ya sentimita 4 ilipita bamba la breketi, ikapita lipu, ikabakiza ncha kidogo tu ndani ya tofali. Breketi haikuvunjika, wala skurubu haikukatika. Ukuta ndio uliokataa, na mimi sikuuliza.

Hesabu ya mzigo

Mtu atasema: skrini yenyewe ina kilo 10 tu, mbona iangushe chuma? Chukua ndoo ya maji mkono ukining'inia, utaifikisha nyumbani. Ichukue kwa mkono ulionyoshwa mbele, hufiki hatua kumi. Ndoo ni ile ile. Umbali wake na mwili ndio unaokushinda. Breketi nayo ni mkono ulionyoshwa.

Tufanye hesabu. Skrini ya kilo 10 juu ya breketi mbili ni kilo 5 kwa kila moja. Mtu akiivuta kwa nguvu ya kilo 10, kila breketi huongezewa 5, jumla 10. Sasa ikiwa mkono wa breketi una urefu wa sentimita 30, na bamba lililo ukutani lina kimo cha sentimita 15, skurubu ya juu huvutwa kutoka nje kwa nguvu maradufu, kadiri ya kilo 20. Mtoto mwenye kilo 20 akining'inia upande mmoja wa skrini, karibu uzito wake wote huwa juu ya breketi moja, na skurubu ile ya juu huvutwa kwa kadiri ya kilo 50. Ndiyo sababu ilikuja yote.

Kutoka hesabu hii tunapata mafundisho matatu. Kwanza, mkono wa breketi uwe mfupi kadiri iwezekanavyo; kama sentimita 15 zatosha kupita fimbo ya pazia, usiweke 30. Pili, bamba la ukutani liwe refu. Tatu, breketi iwe na chuma cha mshazari kinachoegemeza mkono kutoka chini. Fundi wa kuchomelea mageti aweza kukutengenezea breketi za namna hiyo kwa vipande vya chuma alivyobakiza.

Ujue ukuta wako

Kabla ya kununua kitu, ugonge ukuta kwa vidole, kisha ukwaruze kwa msumari mahali pasipoonekana.

Ukuta wa tofali mbichi au wa miti na udongo usitobolewe kwa kazi hii. Udongo hubeba vizuri mzigo unaoulemea kutoka juu, lakini hauwezi kushika kitu kinachovutwa nje. Hapa tumia mbao. Simamisha nguzo mbili zilizoegemea ukuta, kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao za paa, zifungwe imara juu na chini, na breketi zikazwe katika nguzo hizo. Pakeni nguzo dawa ya mchwa, kwa maana mchwa hula ndani na kuacha ganda zuri nje.

Ukuta wa tofali za kuchoma wafaa, mradi utoboe katikati ya tofali, si katika udongo au saruji iliyo kati ya tofali na tofali. Kama drili yako ina namna ya kugonga inapozunguka, iondoe, isije ikapasua tofali.

Ukuta wa bloku za saruji wafaa pia, lakini bloku nyingine zina uwazi ndani. Drili ikizama ghafula, ujue umeingia katika uwazi, na skurubu ya kawaida haitashika hapo. Mahali bora kupita pote ni linta, ule mkanda wa zege upitao juu ya milango na madirisha.

Na mahali popote, msitoboe juu ya swichi au soketi ya umeme, wala chini yake, maana mara nyingi waya hupanda au kushuka humo ndani ya lipu. Zimeni umeme wa upande huo kabla ya kuanza.

Kimo na umbali

Skrini ya inchi 80, ambayo hupimwa kwa mshazari, ina upana wa sentimita 177 na kimo cha sentimita 100. Hiyo yatosha kwa sebule nyingi. Bomba lake huwa refu kidogo kuliko kitambaa, basi pimeni bomba lenyewe, msitegemee maandishi ya sanduku.

Projekta nyingi zataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa skrini hiyo ni kadiri ya sentimita 265. Angalieni kitabu cha projekta yenu, kwa sababu hutofautiana. Watazamaji wakikaa mkekani, ukingo wa chini wa picha uwe sentimita 60 hivi kutoka sakafuni. Wakikaa vitini, upandishwe hadi 80 au 90, ili wa nyuma wasione visogo vya wa mbele.

Kazi yenyewe

Tieni alama katikati ya mahali picha itakapokaa, kisha mpime kushoto na kulia sawasawa. Kama hamna pimamaji ya fundi, chukueni mpira mwembamba unaopenya nuru, mtie maji, na mshike ncha zake mbili kwenye alama mbili. Maji yakitulia, usawa wake ndio usawa wa breketi. Msifuate mstari wa paa wala wa sakafu, kwa maana nyumba nyingi hudanganya.

Skurubu iwe na urefu wa sentimita 7 au 8, ili baada ya kupita lipu ibaki na sentimita 5 ndani ya tofali. Toboeni tundu lenye upana sawa na kile kijiti cha plastiki kinachopokea skurubu. Ikiwa kijiti ni cha milimita 10, ncha ya drili nayo iwe ya 10. Tundu liingie ndani kupita urefu wa kijiti kidogo, na vumbi lote lipulizwe litoke. Kijiti kigongwe taratibu mpaka kipite lipu. Kikiingia kwa kidole tu, tundu ni kubwa mno. Msijaze njiti za kiberiti kama nilivyofanya mimi, hameni mahali.

Breketi zikishakazwa, msitundike skrini bado. Jaribuni kwa ndoo. Tundikeni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye ncha ya breketi moja, muiache usiku kucha, na mtu yeyote asipite chini yake. Kesho yake fanyeni hivyo kwa breketi ya pili. Kilo 20 ni mara mbili ya ule mzigo wa kuvuta tuliouhesabu. Asubuhi mtazame kwa makini juu ya bamba: kama kuna ufa hata mwembamba kama unywele, au bamba limeachana na ukuta, hapo hapafai. Ni heri kumwaga maji sebuleni kuliko kubeba mtoto kwenda zahanati.

Mwisho, fungeni waya wa chuma kutoka kila ncha ya bomba mpaka kwenye mbao ya paa, uwe umelegea kidogo tu. Waya huo haufanyi kazi siku zote. Kazi yake ni siku ile moja breketi itakapokosea. Na kamba ya kuvutia ikunjwe juu wasipofikia watoto. Skrini ivutwe katikati, polepole, na irudishwe mkono ukiwa umeishika, isifyatuke kwa springi.

Na asiye na skrini?

Asione haya. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe isiyong'aa hutoa picha nzuri. Shuka jeupe lililokazwa katika fremu ya mbao hutosha. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na watu waliotengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakazizungusha kwa lori na kuwaonyesha wenyeji. Babu zetu walitazama sinema bila kutoboa nyumba ya mtu.

Skrini yetu imerudi ukutani. Breketi sasa ni za sentimita 15, zimeshika katika linta, na ndoo imelala juu yake usiku mbili. Mpwa wangu ndiye aliyezishika ncha za mpira wa maji pamoja na yule mzee mwashi. Picha ilipowaka usiku wa kwanza, aliinua macho akatazama breketi kabla ya kutazama katuni. Nilimwona, nikanyamaza. Mtoto amekwisha jifunza kuuliza. Ilinipasa mimi kuuliza mbele yake.

Kwa herini mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wenu